Kituo cha Kumi na Nne

Mwezi wa nane ukiingia, mzee hakuwa na mkao. Aliamka alfajiri, akakoroga uji akausahau mezani, akaingia chumba cha vitabu akatoka, akafungua mlango wa mbele akachungulia barabarani kama mtu anayengoja lori lililochelewa. Binti yake alimtazama kutoka nyuma ya cherehani, pini tatu mdomoni. Homa hiyo alishaizoea. Wengine huwashwa unyayo wakajua safari ipo. Baba yake aliwashwa mwili mzima, kila mwaka wa tatu, na huu ulikuwa wa tisa tangu waingie nyumba hii.

Asiyewajua Wamethodisti atadhani mzee alikuwa anarukwa na akili. Hata kidogo. Mchungaji wa Methodisti ni mtu wa kuhamishwa. Mkutano Mkuu hukaa mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane, orodha ikasomwa mbele ya watu: fulani aende kule, fulani atoke huku. Hakuna cha kuuliza wala cha kunung'unika. Unasomwa, unafunga mizigo, unakwenda. Mzee alisomwa mara kumi na tatu katika miaka arobaini na mmoja ya utumishi, na kila alikosomwa alikuta nyumba ya kanisa yenye kitanda cha kanisa, sufuria za kanisa na wazee wa kanisa wakimsubiri na daftari la kukabidhiana: vijiko kumi na viwili, viti sita, kimoja kimelegea mguu. Siku ya kuondoka wanahesabu tena. Kijiko kikipungua, mke wa mchungaji anaona haya mpaka kituo kinachofuata.

Watoto wake watano walizaliwa katika vituo vitano vya kwanza, kila mmoja na chake, kwa hiyo wakapewa majina ya utani kwa namba. Kifungua mimba aliitwa Moja, kitinda mimba akaitwa Tano, na majirani wapya walidhani baba yao ni mwalimu wa hesabu. Waliyakubali majina hayo kwa sababu ndiyo pekee waliyoruhusiwa kuhama nayo. Kila kitu kingine kilikuwa cha kanisa. Hata msumari hawakuruhusiwa kupiga ukutani. "Ukuta si wetu," mama yao alikuwa akisema, na Tano alilala chini ya kuta tupu mpaka akawa mtu mzima.

Ndiyo maana siku walipoingia nyumba hii, Tano alitangulia na nyundo. Baba alikuwa amestaafu kwa miaka kumi na mitatu, akizungushwa kwa wanawe kwa zamu kama sahani ya sadaka, mpaka wakachangishana wakanunua nyumba ya vyumba vitatu, ya matofali, mabati mazima, karibu na kanisa. Tano, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, alikubali kukaa naye. Siku ile ya kwanza alipiga misumari thelathini na mmoja. Wa mkasi, wa rula ya mbao, wa futikamba, wa vitambaa vya sare vilivyokatwa, wa picha ya mama, na mingine ambayo hakuwa na cha kutundika, aliipiga kwa hasira tu. Chumba cha mbele akakifanya karakana. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mmoja, anashona sare za shule tatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliweza kwenda chooni gizani bila kugonga kitu.

Mzee naye aliishi humo kama abiria. Mwaka wa tatu alihamisha kitanda chake kutoka chumba kimoja hadi kingine. Mwaka wa sita alifunga vitabu vyote kwa kamba, vikakaa hivyo mwezi mzima, akawa anasoma gazeti la zamani lililofungia vikombe. Tano alicheka, akawasimulia nduguze kwenye simu, nao wakacheka. Mazoea yana taabu, walisema, mzee wetu atazikwa na sanduku mkononi.

Mwaka wa tisa haukuwa wa kucheka. Ilikuwa Alhamisi. Tano alitoka asubuhi kupeleka sketi arobaini kwenye shule moja, akakaa huko kurekebisha pindo za wasichana waliorefuka likizo, akarudi saa tisa alasiri na njaa yake. Getini kulikuwa na pikapu ngeni. Kibarazani kulikuwa na godoro lisilo lake, limefungwa kwa khanga. Ndani ya karakana, juu ya stuli yake ya kukatia vitambaa, alikaa mwanamke mjamzito, mimba ya kukaribia kuzaa, furushi la nguo mapajani, miguu imevimba ikatuna juu ya kandambili.

"Karibu, Dada," mwanamke akasema kwa sauti ndogo, halafu akaona aibu, kwa sababu alikuwa amemkaribisha mtu nyumbani kwake.

Kutoka jikoni sauti ya mzee ilikuwa ikihesabu. "Tisa, kumi, kumi na moja. Cha kumi na mbili kimo kwenye kopo la sukari. Andika kumi na mbili."

Tano akaenda jikoni. Baba yake alikuwa amevaa kola yake nyeupe ya kichungaji, ambayo hakuivaa tangu Pasaka, na mbele yake alisimama mchungaji kijana aliyeletwa kanisani mwaka jana, daftari mkononi. Vijiko vilikuwa vimepangwa mezani kwa mstari. Vikombe vimepinduliwa. Hata sufuria yake ya ugali, iliyoungua kitako, ilikuwa imeandikwa: sufuria moja, kitako kimeungua.

"Baba, nini hiki?"

"Umerudi, mwanangu? Vizuri. Namkabidhi mwenzangu nyumba."

Alisema hivyo kama anayesema anapika chai. Mchungaji kijana akamtazama mzee, akamtazama binti, daftari likashuka taratibu.

"Dada, shikamoo. Mzee aliniambia mmekubaliana. Aliniambia wewe unakwenda kwa kaka yako."

"Nani anakwenda?"

"Mabati ya nyumba ya mchungaji yaling'olewa na mvua tangu mwezi wa pili," mzee akaingilia. "Hawa watu wanalala chumba kile cha nyuma ya kanisa, pale tunapovalia majoho. Nilikwenda Jumapili kutafuta miwani yangu nikamkuta huyu mama amelala katikati ya marundo ya vitabu vya nyimbo, na tumbo lile. Nyumba ya mchungaji akae mchungaji. Mimi nimekaa miaka tisa. Imetosha. Nitakwenda kulala kule kwenye majoho, mimi mtu mmoja."

"Na mimi?"

"Wewe utakwenda kwa Moja. Ana chumba cha uani."

Tano hakupiga kelele. Alitoka nje, akasimama nyuma ya pikapu, akampigia kaka yake mkubwa.

"Moja, baba anagawa nyumba."

"Anagawa nini?"

Akamweleza. Kaka yake akashusha pumzi ndefu. "Tano, jina kwenye hati ni lake. Tuliliandika kwa heshima, unakumbuka? Wewe mwenyewe ulisema mzee hajawahi kuona jina lake kwenye nyumba."

"Basi heshima yetu imetuponza."

"Nitakuja Jumamosi tuzungumze naye. Lakini akishikilia, dada yangu, tutafanyaje? Yule akisema amesema. Chumba cha uani kipo, nitakipaka hata rangi."

Alimpenda kaka yake, lakini alikata simu bila kuaga. Chumba cha uani! Angefika na cherehani yake, ashukuru, aulize kila jambo: naomba nipige msumari hapa, shemeji, samahani kwa kelele. Angekuwa mgeni mpaka kufa kwake. Zamani kuhamishwa kulikuwa kama mvua, huikasirikii. Safari hii haikuwa amri ya Mkutano Mkuu. Ilikuwa amri ya baba yake, peke yake, na kola yake.

Alipoingia ndani tena, mzee alikuwa amehamia chumba cha vitabu, anafunga kamba. Tano akaufunga mlango nyuma yake.

"Kaa chini, Baba."

"Nasimama."

"Hujakaa tangu mwezi uanze. Kaa."

Hakukaa. Alikwenda dirishani akarudi, akashika kitabu akakiweka, vidole vyake vikitafuta kamba hata pasipo na kamba. Miaka themanini na saba, na bado alizunguka chumba kile kidogo mpaka Tano akahisi kizunguzungu.

"Nilisoma shule saba," Tano akasema. "Unalijua hilo? Kila mara nikifika katikati ya kitabu, nahamishwa, nako huko nakuta wako mwanzo au wamemaliza. Nilikuwa na mchumba kituo cha kumi. Alisema nimngoje, nikamwambia baba kasomwa, mama anaumwa, siwezi kumwacha mama. Sikulalamika. Umewahi kunisikia nalalamika?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi leo nalalamika. Mimi siendi uani kwa mtu. Hujaniuliza. Umenipanga kama ulivyopanga vijiko."

"Na mimi sikuwahi kuulizwa. Kazi ya Bwana haiulizi."

"Usimsingizie Bwana! Kule ulikuwa unatumwa. Mama alipoomba tubaki mwaka mmoja, mmoja tu, kwa sababu hospitali ilikuwa pale pale, uliandika barua, wakakataa. Sawa. Nimewalaumu wao miaka thelathini, hata sura zao sizijui, nawalaumu. Lakini leo nani amekusoma? Nani amekuamrisha utoke, ututoe?"

Mzee alisimama. Kamba ilikuwa mkononi, kitabu hakikuwapo.

"Sikuandika," akasema.

"Hukuandika nini?"

"Barua. Nilimwambia mama yako nimeandika. Baada ya wiki tatu nikamwambia wamejibu, wamekataa. Alisema asante kwa kujaribu. Aliifua kola yangu, akaipiga pasi, tukahama." Alilamba midomo. "Nilikaa mezani siku mbili na karatasi. Nikajiambia, mtu aliyehubiria wengine kutii ataanzaje kuomba asamehewe zamu yake? Wenzangu watasema mkewe ndiye anayemsomea orodha. Niliona aibu, Tano. Ni hilo tu. Wala haikuwa imani. Nilijiita mtiifu, kumbe naogopa maneno ya watu."

Mama yao alikufa mwezi wa nne tangu wahamie kituo cha kumi na moja, siku nzima ya barabara mbovu kutoka hospitali. Tano ndiye aliyemshika kichwa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Katika siku zile za mwisho mama hakuacha kumtetea mumewe: baba yenu alijaribu, msimkasirikie, baba yenu aliandika. La kuvunda halina ubani, lakini mama alikuwa amefukiza ubani juu ya kitu hiki mpaka pumzi ya mwisho, bila kujua kinachonuka ni nini.

"Kwa hiyo siwezi kukaa hapa," mzee akaendelea, na sasa maneno yalimtoka haraka kama mtu anayekimbilia basi. "Nyumba nzuri, mabati mazima, hospitali dakika kumi kwa mguu. Nikikaa kwenye kile kiti cha dirishani namwona mama yako, yeye ndiye angekikalia. Kila nikizoea, nasikia vibaya. Nilimkuta yule mama mjamzito amelala sakafuni nikasema hii hapa, nimepata wa kumpa. Nitoke mimi, aingie yeye, labda nitalala."

Tano alitaka kumpiga. Hilo liandikwe lilivyo: alitaka kumpiga baba yake mzee, mtumishi wa Mungu, kwa kile kitabu cha mahubiri chenye jalada gumu. Akakunja mikono kwapani, akatoka.

Karakanani, mke wa mchungaji kijana alikuwa bado kwenye ukingo wa stuli, furushi la nguo bado mapajani, halijafunguliwa hata fundo. Mumewe alisimama kando yake, na ilikuwa wazi wamesikia kila neno, kwa maana mlango ule ni wa mbao nyembamba.

"Tutaondoka, Dada," kijana akasema. "Tusamehe. Pikapu bado ipo."

Tano alichuchumaa mbele ya mwanamke mpaka macho yakawa sawa.

"Wewe unataka kukaa wapi?"

Mwanamke akamtazama mumewe kwanza. "Mume wangu amesema…"

"Nimekuuliza wewe."

Ilionekana swali lilikuwa geni, kama nguo ya kuazima. Halafu machozi yakamtoka bila sauti. "Popote pasipovuja. Na nisibebe tena hili furushi kabla mtoto hajaja. Nimechoka, Dada. Nimechoka sana."

"Mbona hukuniambia?" mumewe akauliza, naye alishangaa kweli.

"Hukuniuliza."

"Na wewe," Tano akamgeukia kijana, "tangu mwezi wa pili hujamwandikia msimamizi wa mzunguko, mkubwa wako, kuhusu mabati?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Sikutaka kuonekana mlalamishi. Ni kituo changu cha kwanza."

Tano akacheka, kicheko kikavu kisicho na raha. Alikuwa ameona mengi, lakini hakutegemea kumwona baba yake akiwa na miaka ishirini na sita, amesimama kwenye karakana yake, ndevu bado hazijakaa sawa.

Alilichukua furushi kutoka mapajani mwa mwanamke, akaingia nalo chumbani kwake mwenyewe, akalitundika kwenye msumari mmojawapo wa ile isiyokuwa na kazi. Akamwonyesha kitanda. "Utalala hapa na mimi. Mtoto azaliwe humu. Mumeo atalala sebuleni, godoro lake analo. Mabati yakirudi mtahama, si kabla. Na hapa ni kwangu, tuelewane. Atakayehesabu vijiko tena atakula kwa mikono."

Mwanamke alijilaza ubavu, kandambili zikimdondoka, na kabla Tano hajavuta pazia alikuwa amesinzia.

Kisha Tano akaenda kwenye meza ya kukatia, akasogeza vitambaa, akachukua daftari lake la vipimo akachana karatasi kadhaa, akarudi nazo chumba cha vitabu pamoja na kalamu na ubao wa kukatia. Baba yake alikuwa mlangoni na sanduku dogo. Alikuwa amelifunga tayari.

"Liweke chini," Tano akasema. "Huendi kulala kwenye majoho."

"Mwanangu, nimekwambia kwa nini."

"Nimesikia. Utakaa hapa. Kwenye kile kiti, kila siku, hata kikuchome. Ukimwona mama humo, mtazame. Sitaki utoke halafu useme umelipa." Sauti yake ilipasuka, akaiacha ipasuke. "Sijakusamehe, Baba. Usinielewe vibaya. Lakini kuhama tena, mimi na wewe, basi."

Mzee aliweka sanduku chini. Alikisogelea kiti kile kwa uoga, akakishika mikono yote miwili, akakaa polepole, magoti yakilia. Tano akamwekea karatasi juu ya ubao wa kukatia na kumpakatisha.

"Sasa andika. Kwa msimamizi wa mzunguko. Mwambie mke wa mchungaji wake ana mimba na mabati hayapo. Wewe ni mzee wao wote, barua yako hawawezi kuifungia sambusa. Huyu kijana hatathubutu."

Mzee alishika kalamu. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze mguu wake haukutikisika. Kisha akaanza kuandika, ule mwandiko wake wa kulala upande mmoja, bila kusimama. Tano alisimama nyuma ya bega lake kuhakikisha. Tarehe aliyoiandika juu ilikuwa ya miaka thelathini iliyopita. Chini yake aliandika kwa Mwenyekiti wa Mkutano Mkuu, kwa jina la mtu aliyekwisha kufa zamani. Aliandika kwamba mke wake ni mgonjwa, na hospitali iko hapa karibu, na yeye mwenyewe, mke wake, ameomba wabaki kituo cha kumi kwa mwaka mmoja. Aliandika kwamba anaomba pamoja naye. Aliandika kwamba hawezi kuhama.

Tano alisoma mpaka mwisho, mkono mdomoni. Hakumsahihisha.

Mzee alitia sahihi, akaikunja karatasi mara mbili, akampa binti yake bila kugeuka. Akapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Nipe nyingine," akasema. "Niandike na ya hawa."